Spika isichomekwe moja kwa moja kwenye pini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe ushauri unaorudiwa kila mara kwa wanaoanza kutengeneza muziki kwa mikrokontrola (kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja): eti chomeka spika kwenye pini, andika tone(), amri ya Arduino ya kupiga noti, basi. Sauti itatoka, lakini pini itakuwa imezidiwa.

Spika ya kawaida ina omu 8. Pini ya ATmega328P, chipu ya bodi ya Arduino Uno, hutoa volti 5. Gawanya 5 kwa 8 uone spika inadai mkondo gani: miliampia 625! Kikomo cha pini ni 40, na busara ni kubaki kwenye 20. Rezista ya omu 220 iliyowekwa mfululizo na spika inashusha mkondo hadi 22 hivi, ila sauti inakuwa ndogo. Anayetaka kubwa aweke transista ya 2N2222, swichi ya umeme yenye miguu mitatu (besi, emita na kolekta): pini iende kwenye besi kupitia rezista ya omu 1,000, emita iende ardhi, na spika ikae kati ya kolekta na volti 5 ikifuatana na rezista ya omu 33 ya nusu wati. Dayodi, inayopitisha mkondo upande mmoja tu, iwekwe sambamba na spika, mstari wake ukielekea upande wa chanya, kwa sababu koili hurudisha volti kali kila mkondo unapokatwa.

Wimbo ukitoka umepanda au umeshuka, chunguza saa ya chipu, yaani mipigo inayopanga kasi yake. Saa ya ndani ya megahezi 8 inaweza kukosea hadi asilimia 10 inapotoka kiwandani, na nusu toni ni kama asilimia 6 tu. Noti zote husogea pamoja, hivyo kosa halisikiki mpaka upige pamoja na ala nyingine. Kristali ya megahezi 16 inalimaliza.

Halafu tone() yenyewe. Hupiga noti moja tu kwa wakati, na kwa kuwa hutumia Taima 2, mojawapo ya vihesabu vya muda ndani ya chipu, huvuruga PWM (kuwasha na kuzima pini haraka ili kupata viwango vya kati) ya pini 3 na 11. Kwa sauti kadhaa pamoja, iache. Taima moja ikatize programu mara 16,000 kwa sekunde. Kila mara, kihesabu cha biti 16 kiongezewe hatua, yaani namba inayoamua masafa ya noti, na biti zake 8 za juu zichague thamani kwenye jedwali la namba 256 lenye umbo la wimbi. Hatua ya hezi 440 ni 440 × 65,536 ÷ 16,000, yaani 1,802. Kati ya sampuli mbili, yaani thamani mbili zinazofuatana, kuna mipigo 1,000 ya saa, kwa hiyo sauti nne zinaenea. Wengi hukosea kwenye kujumlisha: thamani nne za 255 ni 1,020, hazimo katika biti 8, na matokeo yake ni mikwaruzo. Jumlisha kwa biti 16, kisha gawanya kwa 4.

Sauti za ngoma na upepo ni rahisi zaidi. Weka namba za nasibu mahali pa jedwali, kisha punguza ukubwa: ndani ya milisekunde 150 kwa ngoma, polepole kwa upepo.

Matokeo yatolewe kwa PWM ya kilohezi 62.5 kupitia rezista ya omu 1,000 na kapasita ya nanofaradi 47 kwenda ardhi, ndipo yaingie kwenye amplifaya. Bila chujio hilo, masafa yasiyosikika huingia yote na kuipasha moto bure.

Wako,
Fundi elektroniki