Urudishe mstari wa omena

Kondele, Kisumu

Rafiki yangu,

Natumai wewe na mama hamjambo huko Nakuru. Sisi tu wazima, ila mvua imetuchosha.

Ile rekodi ya wimbo wako nimeisikiliza mara nne. Kilichoniuma ni kwamba mistari hii umeikata eti haina vina:

Mama ashinda juani na gorogoro ya omena,
jioni karai tupu mlangoni nalipokea.

Badala yake umeweka sokoni, usoni, rohoni. Vina vimetimia, lakini mama yako na omena yake, wale dagaa, hawamo tena. Hiyo -ni hubandikwa popote, na msikilizaji huijua kabla hujafungua kinywa.

Najua inakotoka hofu yako. Shuleni tulifunzwa mizani 16, yaani silabi 16 kwa mstari, nane kwa nane, na silabi ya mwisho isipofanana shairi ni guni, lina kasoro. Kwa shairi la kughani nakubali kabisa. Kwenye biti, yaani ukiimba juu ya mdundo, sikio hufuata pale sauti inapokazwa, na Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Omena unakaza me, pokea unakaza ke. Irabu zote tatu zinakwenda sambamba: o, e, a. Sasa jaribu omena na jina. Kwa sheria ya darasani hicho ni kina safi, na kwa na, lakini ukikitamka juu ya ngoma kinachechemea, maana umekaza me kisha ji.

Jana usiku nilijaribu, nikigonga mtungi wa maji. Mdogo wangu alikuwa anakatakata sukuma wiki. Kwa omena na jina hakuinua hata uso. Nilipofika "konda, tukifika Kibuye nishuke", kisu kilisimama, akaanza kutikisa kichwa akifuata mdundo. Kibuye na nishuke zinalingana irabu, i, u, e, lakini ye na ke hazifanani, na hakujali.

Jambo moja tu: ukirekodi, vuta ile me, halafu ile "na" ya omena iachie nyepesi, usiigongomee. Ukiikazia, tofauti yake na pokea itasikika kama kosa. Na ubeti usiufunge kwa irabu tu hivyo hivyo. Pale mwisho tafuta kina kamili, pokea na potea kwa mfano, ili biti ikikatika neno libaki limesimama.

Nitumie rekodi mpya kabla ya Jumamosi, na karai la mama liwemo. Msalimie sana, mwambie bado naikumbuka ile omena yake ya kukaangwa na nyanya.

Ni mimi,
rafikiyo wa Kondele