Kwa mpwa wangu aliye Warsaw: kura ambayo Tanzania haikupiga

Mpwa wangu,

Salamu kutoka Bukoba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema mwenzako wa chumbani, kijana wa Kharkiv nchini Ukraine, alikuuliza kwa nini nchi yako ilijizuia kupiga kura Urusi ilipoivamia nchi yake, nawe ukakosa la kumjibu. Ukaniuliza kama ule ulikuwa uoga. Nakujibu hadharani kwa sababu wenzako wengi mlio ughaibuni mnaulizwa hilohilo.

Kura yenyewe ilikuwa Machi 2, 2022, katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Nchi 141 ziliitaka Urusi iondoe majeshi yake, 5 zilipinga, 35 zilijizuia. Tanzania, Uganda na Burundi zilikuwa miongoni mwa hizo 35. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliunga mkono azimio. Kwa hiyo usimwambie kwamba ndivyo Waafrika tulivyo.

Sababu za tumbo zipo. Nchi inayoagiza ngano, mbolea na mafuta hupiga hesabu kabla ya kunyoosha mkono, na mwaka ule ule lita ya petroli Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000. Lakini nadhani kilichotubana zaidi ni deni. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipopigana na Ureno, mwanachama wa NATO, silaha zilitoka Moscow na Beijing. Deni hilo silidharau hata kidogo. Ila wapiganaji wengi wa Kiafrika walifunzwa Odessa, na Perevalnoye karibu na Simferopol. Hiyo ni Ukraine. Usovieti uliacha warithi wengi, nasi tukamlipa mmoja huku mwenzake akipigwa.

Halafu kuna neno letu wenyewe, kutofungamana na upande wowote. Watu wa rika lako mnalisikia kama jina jingine la kukaa kimya, na siwalaumu. Zamani lilikuwa na gharama. Zanzibar ilikuwa imekwisha kuitambua Ujerumani Mashariki kabla ya Muungano, Ujerumani Magharibi ikataka tuchague. Mwalimu Nyerere akatafuta njia ya kati: Wamashariki wawe na ubalozi mdogo Dar es Salaam, bila nchi yao kutambuliwa. Februari 1965 Bonn, serikali ya Ujerumani Magharibi, ikaondoa msaada wake wa kijeshi, naye akawaambia wachukue na uliobaki. Desemba 15 mwaka huohuo akavunja uhusiano na Uingereza kwa kushindwa kuwazuia walowezi wa Kizungu wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, waliojitangazia uhuru. Mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Nchi haikuwa na cha kuchezea, lakini hakuna aliyehitaji kubahatisha tunasimama wapi. Tulichokataa ni kuchaguliwa maadui.

Sasa nije kwetu, maana hili hujawahi kusimuliwa vizuri. Oktoba 1978 nilikuwa na miaka tisa, mama yako yuko mgongoni kwa bibi yako. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na mwanzoni mwa Novemba akatangaza kwamba ardhi yote hadi Mto Kagera ni ya Uganda. Sisi tulikaa upande huo wa kaskazini. Tulivuka daraja la Kyaka kabla halijalipuliwa. Bibi yako alibeba mtoto na sufuria, mimi nikabeba godoro kichwani, ng'ombe tukawaacha. Hadi leo bibi yako akisikia lori zito usiku hukaa kitandani akasikiliza kwanza.

OAU ikafanya nini? Ilituma wapatanishi. Haikumlaani mvamizi. Ikasihi pande zote mbili ziache kupigana, kana kwamba mvunja mlango na mwenye nyumba ni wagomvi sawa. Na aliyepeleka azimio la kuheshimu mipaka kwenye OAU hiyohiyo, Cairo mwaka 1964, alikuwa Mwalimu.

Ndiyo maana, mpwa wangu, siuiti uoga, lakini nasema tulikosea. Tukikataa kujiunga na vikwazo vya Ulaya, sawa. Tukikataa kupeleka hata risasi moja, sawa. Marekani ilipoivamia Iraq mwaka 2003 ilijivunjia haki ya kutuhubiria, hilo nalo ni kweli. Lakini swali la siku ile halikuwa Marekani au Urusi. Lilikuwa kama nchi yenye nguvu inaweza kumega ardhi ya jirani yake. Balozi wa Kenya, Martin Kimani, alilijibu katika Baraza la Usalama Februari 21, siku chache kabla: kwamba Waafrika nasi tuliachiwa mipaka iliyochorwa na wakoloni, tukaamua kuishi nayo. Niliposikia hotuba ile niliona wivu. Yale maneno yalikuwa yetu.

Mwenzako mwambie hivyo, kwamba mjomba wako haitetei kura ile. Msimulie habari ya godoro na daraja la Kyaka. Kisha muulize nani wa kwao amebaki Kharkiv, na umsikilize mpaka amalize.

Mjomba wako,
Bukoba