Mhariri, picha za wasomaji zinachubuliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kuhusu picha za wasomaji unazochapisha kutoka huku Mwanza na visiwa vyake. Wapiga picha wetu wa kujifurahisha wana jicho. Machweo nyuma ya Jiwe la Bismarck, dagaa wakimwagwa pale Mwaloni Kirumba, mitumbwi ikiingia Igombe alfajiri, vyote vinapigwa kwa pembe nzuri. Kisha picha inaingizwa kwenye kompyuta au simu kuhaririwa, na inatoka imeharibika: sura za watu zimechubuliwa hadi zina rangi ya majivu, anga limegeuka zambarau, na kila jiwe lina ukingo mweupe unaowaka.

Vijiweni utaambiwa tatizo ni programu, kwamba asiye na Lightroom, programu ya kulipia ya Adobe, hawezi kutoa picha ya maana. Sikubaliani. Uso unaweza kuchubuliwa kwa programu ya bei yoyote, na unaweza kuhaririwa vizuri kwa programu ya bure.

Nianze na huo uchubuaji, maana ndio unaoudhi zaidi. Programu nyingi hugawa rangi katika makundi, nyekundu, chungwa, njano, kijani na kuendelea, na kila kundi lina vitelezi vitatu: aina ya rangi, ukolezi wake na mwangaza wake. Ngozi ya binadamu, nyeusi kwa nyeupe, huangukia zaidi kwenye chungwa na nyekundu. Sasa, preseti nyingi, yaani mipangilio ya rangi iliyokwisha tayarishwa, zinazogawiwa kwenye flashi zimetengenezwa kwa ngozi nyeupe: zinapandisha mwangaza wa chungwa na kupunguza ukolezi wake. Zikibandikwa kwenye uso wa mvuvi wa Ukerewe, joto la ngozi linatoka na kubaki majivu, tena kwa mabaka, kwa sababu shavu lililo juani na lile lililo kivulini hayaangukii kundi moja la rangi kwa kiasi kilekile.

Rudisha vitelezi vya chungwa kwenye sifuri. Kama uso bado ni wa giza mno, ongeza mwanga wa uso peke yake. Kwenye Snapseed ya simu kuna zana ya kuchagua eneo: weka nukta kwenye shavu, bana au panua kwa vidole viwili hadi duara litoshe uso, kisha telezesha kidole kulia taratibu. Kwenye Lightroom, au darktable ya bure ya kompyuta, chora duara lenye kingo laini na upandishe mwanga kati ya 0.3 na 0.7 ya stopu (stopu moja ni mwanga kuwa mara mbili). Ukivuka stopu moja, uso utaonekana kama umebandikwa kutoka picha nyingine. Paji la uso liking'aa kwa jasho, shusha sehemu angavu. Usipake ukungu wa kulainisha ngozi. Na ile hali ya urembo ya kamera ya simu izimwe kabla ya kupiga, kwa kuwa ikishaingia kwenye faili haitoki.

Ukingo mweupe unaozunguka mawe una sababu yake. Kitelezi cha kuongeza uwazi (Clarity), cha kuinua vivuli na cha kuondoa ukungu, vyote vitatu hulinganisha kila sehemu na majirani zake. Pale jiwe jeusi linapokutana na anga angavu, programu hulazimika kung'arisha upande mmoja na kugandamiza mwingine, na mpaka wao unabaki na utepe. Jiji lenye mawe kama hili halivumilii vitelezi hivyo vikivutwa pamoja. Kwa kipimo cha hadi 100, mimi sivuki 20 kwenye uwazi, na kuondoa ukungu nakutumia kwa milima ya mbali tu, miezi ile ya kiangazi hewa inapojaa moshi wa mashamba.

Mambo mengi ya machweo huamuliwa kabla ya kompyuta kuwashwa. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa Ikweta. Jua huzama karibu wima na giza huingia upesi, kwa hiyo mwanga hubadilika mkononi mwako. Piga faili ghafi, yaani RAW, kama kamera inaruhusu. Hata simu nyingi hutoa la DNG kwenye hali ya kitaalamu. Faili la JPEG, lile la picha la kawaida, lina ngazi 256 kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Ukiinua giza la jiwe stopu mbili kwenye JPEG, unapata mabaka, na anga linakatika vipande vipande badala ya kufifia taratibu. Kwenye RAW giza hilo huinuka likiwa na chengachenga ambazo zana ya kupunguza kelele, ndilo jina la chengachenga hizo, inazimudu. Kilichoungua kwa mwanga, hata hivyo, hakirudi kwenye faili lolote. Kwa hiyo punguza mwanga stopu moja ukielekea jua, na tazama histogramu (grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera) ya rangi tatu, siyo ile ya mwanga wa jumla. Wakati wa machweo nyekundu hujaa mwanzo. Histogramu ya jumla itakuambia uko salama huku duara la jua limeshakuwa doa la njano lisilo na umbo.

Mizani ya rangi nyeupe, yaani jinsi kamera inavyosawazisha rangi ya mwanga, nayo isiachwe ijichagulie yenyewe (Auto). Kamera ikiona uchungwa mwingi hudhani ni kosa na huuondoa, ndipo watu wanaurudisha kwa filta na kupata zambarau. Weka mizani ya jua, karibu 5,500 K, uache rangi ilivyo. Kwenye RAW unaweza kubadili baadaye bila hasara. Kwenye JPEG utakuwa unakwaruza kilichokwisha pikwa.

Mpangilio wa kazi ni huu: nyoosha kwanza upeo wa ziwa, maana maji hayapandi mlima, na kunyoosha hula kingo za picha. Kata. Mizani ya rangi. Mwanga wa jumla, halafu sehemu angavu na vivuli. Rangi mojamoja, maeneo madogo, kelele. Ukali uwe wa mwisho kabisa, baada ya kupunguza picha hadi ukubwa utakaotumika. Ukali uliowekwa kwenye picha kubwa hupotea au huota miiba ikipunguzwa.

Kuhusu programu, mwenye kompyuta ana darktable na RawTherapee, zote za chanzo huria, bila malipo. RAM ya GB 4 itazifungua kwa kusuasua. GB 8 ni afadhali sana. Hazigusi faili la asili. Mahariri huandikwa kwenye faili dogo pembeni, .xmp kwa darktable na .pp3 kwa RawTherapee, na ukihamisha picha bila kuhamisha hilo dogo, kazi yako imebaki ulikotoka. Wengi huikimbia darktable siku ya kwanza kwa sababu RAW inafunguka ikiwa imepoa kuliko ilivyoonekana kwenye kioo cha kamera. Kilichoonekana kwenye kamera ni JPEG ndogo iliyokwisha pambwa na kiwanda. Anayetaka rangi zilezile za kiwanda atumie programu ya kiwanda chenyewe, Digital Photo Professional ya Canon au NX Studio ya Nikon. Nazo ni bure. GIMP ni nzuri kwa kufuta na kuunganisha, lakini RAW haiisomi yenyewe, huikabidhi kwa darktable au RawTherapee kama mojawapo ipo kwenye kompyuta.

Lightroom ni programu bora na ni nyepesi kujifunza. Inalipiwa kwa usajili, na ukiacha kulipa, Lightroom Classic hukuachia picha zako uzione na uzitoe, ila chumba cha kuhariri kinafungwa. Mwenye kipato cha kuimudu ailipie. Ile ya kukraki, yaani iliyovunjwa kufuli ili isilipiwe, siipendekezi kwa mtu yeyote, na sababu yangu ya kwanza wala si sheria: anayekusakinishia hukuambia uzime kinga ya virusi kwanza, na toleo lenyewe halisasishwi, hivyo ukinunua kamera mpya RAW zake hazifunguki. (Hapo angalau DNG Converter ya Adobe, ambayo ni ya bure, huokoa jahazi.)

Kioo cha kompyuta nacho hudanganya. Kikiwa kimepandishwa mwanga hadi mwisho, utahariri picha ukiiona ya kung'aa, studio itaichapa ikiwa ya giza, na utagombana na fundi bure. Shusha mwanga wa kioo hadi ukurasa mtupu ulingane na karatasi nyeupe iliyoshikwa pembeni yake, na zima ile rangi ya njano ya kulinda macho usiku. Picha ya inchi 6 kwa 4 inahitaji pikseli 1,800 kwa 1,200. Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, hivyo karatasi hiyo itakata sehemu moja ya tisa ya urefu wa upande mfupi; kata mwenyewe kabla mashine haijakata kichwa cha mtu.

Na gazeti, Mhariri, ni ugomvi mwingine. Karatasi yenu hunywa wino, nukta zinatanuka, na vivuli vinazama kuliko kwenye kioo. Wasomaji wengi hawalijui hilo, na wakiona picha yao imetoka nyeusi, wiki ijayo wanatuma iliyochubuliwa zaidi. Naomba basi mchapishe masharti chini ya ukurasa wa picha: JPEG ya rangi za sRGB (mpangilio wa rangi wa kawaida wa simu na mtandao), upande mrefu usiopungua pikseli 2,000, itumwe kwa barua pepe au kwa WhatsApp kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na kupoteza pikseli. Sharti lingine: faili lisilohaririwa liambatanishwe, ili meza yenu ya picha ilinganishe rangi ya ngozi kabla ya kuchapa, na kama kuna mwanga wa kuongezwa kwa ajili ya karatasi, muuongeze ninyi mnaoijua mashine.

Mpiga picha wa kujifurahisha,
Kirumba, Mwanza.