Mafuta na nishati ya ubongo: tunachowaeleza wanaomtunza mgonjwa wa Alzheimer

Wengi wanaotujia kutafuta ushauri wa lishe huku wakimtunza mzazi au mwenzi mwenye ugonjwa wa Alzheimer huuliza iwapo mafuta ya nazi, au mafuta ya samaki, yanaweza kurudisha kumbukumbu iliyopotea. Kwa kuwa sisi wenyewe tunauza baadhi ya mafuta hayo, ni haki mteja aelewe jinsi mambo yalivyo kabla hajatoa fedha yake. Jibu la mkato ni hapana. Hata hivyo swali lenyewe si la kipuuzi, na wanaolifanyia utafiti wana sababu nzuri ya kufanya hivyo.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ilhali hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ambayo mwili huihitaji ukiwa umepumzika, na kwa kawaida karibu yote hutokana na glukosi, yaani sukari iliyomo katika damu. Picha za PET, zinazopigwa baada ya mtu kudungwa glukosi iliyotiwa alama ya mionzi, huonyesha kwamba kwa mgonjwa wa Alzheimer baadhi ya maeneo ya pembeni na ya nyuma ya ubongo hupokea glukosi kidogo kuliko inavyotarajiwa. Mtu anaweza kudhani kwamba hilo ni jambo la wazi, kwani seli zilizokufa hazili. Lakini upungufu wa namna hiyo umeonekana pia kwa watu wasio na dalili yoyote waliorithi jeni ya APOE4, ambayo huongeza uwezekano wa kuupata ugonjwa huu. Kwa hiyo inawezekana kwamba njaa ya ubongo hutangulia sehemu ya uharibifu, ingawa wanasayansi hawajaafikiana kuhusu kipi ni chanzo na kipi ni matokeo.

Hapo ndipo mafuta yanapoingia, lakini si kwa njia ambayo wengi huifikiria. Ubongo hauchomi mafuta kwa wingi kama moyo au misuli unavyofanya; asidi za mafuta husafiri katika damu zikiwa zimeshikamana na protini, na seli za neva hazizitumii sana kama chanzo cha nishati. Kinachofanyika ni kwamba mtu anapokaa muda mrefu bila kula, ini hubadilisha asidi za mafuta kuwa ketoni, na ketoni huingia kwenye ubongo bila shida. Mwaka 1967, George Cahill na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba kwa watu waliofunga kula kwa wiki kadhaa, ketoni zilichukua nafasi ya glukosi kama chakula kikuu cha ubongo. Miongo kadhaa baadaye, kundi la Stephen Cunnane huko Sherbrooke, Kanada, lilipima wagonjwa walio katika hatua za mwanzo za Alzheimer na kugundua kwamba, ingawa ubongo wao ulipokea glukosi pungufu, uwezo wake wa kupokea ketoni ulikaribiana na ule wa wazee wenye afya. Kwa maoni yetu, huo ndio msingi thabiti zaidi wa biashara hii yote.

Si lazima kufunga ili kupata ketoni. Asidi za mafuta za mnyororo wa kati, zinazouzwa kwa jina la MCT na ambazo zina atomi 8 au 10 za kaboni, hutoka utumboni moja kwa moja hadi kwenye ini na kugeuzwa ketoni hata kama mtu amekula. Mafuta ya nazi ni kitu kingine: karibu nusu yake ni asidi ya lauriki yenye atomi 12, na zile za atomi 8 na 10 kwa pamoja ni takriban asilimia 15 tu. Hupandisha ketoni kidogo sana, na huongeza kolesteroli ya LDL, ile inayoitwa mbaya, kwa hiyo hatuyapendekezi kwa kazi hii.

Je, MCT zinasaidia? Katika jaribio la kundi hilo la Cunnane, watu wenye upungufu mdogo wa kumbukumbu, ambao hawajafikia hatua ya Alzheimer, walipewa gramu 30 kwa siku kwa miezi 6. Ubongo wao ulipokea ketoni zaidi na baadhi ya vipimo vya akili vikapanda. Lakini jaribio kubwa la bidhaa ya asidi ya kapriliki, ambayo ni MCT ya atomi 8, iliyoitwa AC-1204, kwa wagonjwa wenyewe wa Alzheimer, lilishindwa kuonyesha faida, kama ilivyotangazwa mwaka 2017.

DHA, asidi ya mafuta iliyomo katika mafuta ya samaki, ni tofali la kuta za seli za ubongo, wala si kuni. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010, ambamo wagonjwa 402 waligawanywa kati ya gramu 2 za DHA kwa siku na vidonge visivyo na dawa kwa miezi 18, halikuona ugonjwa ukipungua kasi.

Anayeamua kujaribu MCT baada ya kuzungumza na daktari aanze na kijiko kimoja cha chai pamoja na chakula, kwa sababu kiasi kikubwa cha ghafla huleta kuhara na maumivu ya tumbo. Mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini au dawa za kundi la SGLT2, asianze bila idhini ya daktari wake, kwani ketoni zikizidi mno kwake huwa hatari. Dawa zilizoandikwa hospitalini ziendelee kama zilivyo.

Kabla ya kuuza chochote, tunaomba orodha ya dawa za mgonjwa na uzito wake wa miezi michache iliyopita. Wagonjwa wengi wa Alzheimer hukonda, na MCT zinaweza kupunguza hamu ya kula; tukiona uzito unashuka, tunaahirisha mafuta na kuanza kwa kupanga milo.