Mkaguzi wa majengo ya kijani aje aoge kwetu

Ndugu mhariri,

Gazeti lenu nalisoma toka wanangu wako shule ya msingi, sijawahi kuwaandikia hata mstari, ila ile habari yenu ya apatimenti za kijani, zile zinazopewa cheti kwamba zinaokoa umeme na maji, imenishinda kunyamaza. Eti viwango vya vyeti viboreshwe. Sawa, mbona hamkumuuliza mpangaji hata mmoja?

Mimi nakaa kwenye mojawapo, huku Njiro, ghorofa ya tatu. Cheti kimetundikwa pale mlangoni kwenye fremu, dalali alinionyesha hicho kabla hajanionyesha choo, na kodi ikapandia hapohapo. Sasa mwezi wa saba, si mnaijua baridi ya Arusha, nafungua bomba la moto saa kumi na moja alfajiri yanatoka maji kama ya mto Themi. Nikapanda na fundi juu ya paa, tukakuta paneli za sola za kuchemshia maji zimeinuliwa kweli kweli zinatazama KUSINI! Jamani sisi tuko kusini ya ikweta, mwezi wa saba jua liko kaskazini, hata mbuzi wa Ngaramtoni anajua akae upande gani aote jua, huyu mchoraji sijui alinakili mchoro wa Ulaya, matokeo yake ile hita ya umeme ndani ya tenki ndiyo inachapa kazi usiku kucha, na umeme wa elfu ishirini niliokuwa naweka kule Kaloleni kwenye nyumba ya bati nakaa wiki tatu, hapa siku tisa LUKU, mita ya kulipia kabla, inalia, na cheti kinasema tunaokoa nishati!!

Nikakisoma vizuri, kumbe cha awali. Chetu sisemi ni cha nani, ila chukua hiki cha EDGE cha IFC, tawi la Benki ya Dunia: ukilinganisha na jengo la kawaida, jengo lipunguze angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji, na ya athari ya kutengeneza vifaa vya ujenzi kwa mazingira. Cha awali unapewa kwa michoro, cha mwisho mpaka jengo likaguliwe. Sasa mwenye nyumba atahangaikia cha mwisho cha nini wakati wapangaji washajaa?

Halafu miparachichi mitano imekatwa wakaweka pevingi, masika maji yote yanaingia kwa mama muuza mkaa hapo jirani. Kijani ni rangi ya geti tu.

Cheti cha awali kikae kabatini. Cha mwisho, mkaguzi aje Julai na taulo lake, aoge kwangu saa kumi na moja alfajiri, hita imezimwa. Akitoka meno hayagongani, asaini. Sabuni nitampa.

Mpangaji, Njiro, Arusha