Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Ushindani: Mpiganaji Aliyefungwa Kufuli

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Ushindani ya Kenya,
Nairobi.

Mkurugenzi Mkuu, pokea salamu zangu kutoka Kisauni, Mombasa. Nina banda la gemu hapa: mashine tatu, televisheni tatu na mabenchi mawili. Mechi moja ni shilingi 20. Nakuandikia kuhusu kile ambacho vijana wangu wanakiita DLC, yaani nyongeza ya gemu inayolipiwa kando, na hasa ile inayouzwa siku ileile gemu yenyewe inapotoka.

Kuna gemu ya ngumi niliyoisubiri miezi kadhaa. Ilipotoka nilinunua diski mpya, nailoni yake haijachanwa, kwa shilingi 8,500. Hizo ni mechi 425. Vijana walijaa bandani tangu saa nne asubuhi. Tulipofika mahali pa kuchagua wapiganaji, mmoja wao akaenda moja kwa moja kwa yule aliyekuwa kwenye tangazo. Picha yake ipo, lakini imetiwa giza, na juu yake kuna kufuli dogo. Ukibonyeza, unapelekwa dukani. "Kwani huyu hatujamlipia?" kijana akaniuliza. Sikuwa na jibu.

Nikaenda mjini kununua kadi ya kulipia kwenye duka la mtandaoni la mashine yangu, shilingi 1,600, mechi nyingine 80. Nikamlipia mpiganaji, na bado hakufunguka. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za duka lile, kwa hiyo wengi wetu tuna akaunti zilizosajiliwa Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Akaunti yangu ni ya Marekani, diski ilikuwa ya soko la Ulaya, na nyongeza ya soko moja haikubali diski ya soko lingine. Jalada halikusema hivyo. Duka halikunirudishia hata senti.

Jambo hili si geni duniani. Machi 2012 watengenezaji wa gemu BioWare na kampuni yao mama EA walitoa gemu ya Mass Effect 3 kwa dola 60, na siku hiyohiyo wakauza nyongeza ya From Ashes kwa dola 10. Ndani yake alikuwemo mhusika Javik, Prothean wa mwisho aliye hai, na hao Prothean, viumbe wa kale waliotoweka, ndio ambao hadithi nzima imekuwa ikiwazungumzia tangu gemu ya kwanza. BioWare walieleza kwamba nyongeza ilitengenezwa baada ya gemu kuu kukamilika. Wachezaji walipochungulia ndani ya diski walikuta sehemu ya mhusika huyo tayari imo. Mwezi huohuo kampuni ya Capcom ilitoa gemu ya ngumi ya Street Fighter X Tekken, na ikagunduliwa kwamba wapiganaji 12 wamo kwenye diski, wamefungwa, wanangoja kuuzwa baadaye.

Nataka kuwatendea haki watengenezaji. Diski ikishakwenda kukaguliwa na kuchapishwa, wiki nyingi hupita kabla haijafika dukani, na wachoraji na waandishi wa programu hawawezi kukaa bure wakati huo. Kazi wanayoifanya ina gharama na ina haki ya kulipwa. Nyongeza inayotoka mwaka mmoja baadaye, yenye ramani mpya na hadithi mpya, nainunua bila kinyongo. Lakini fundi akinikabidhi kanzu kisha aniambie tarizi ya shingoni, aliyokwisha kuishona, ina bei yake kando, nitamuuliza mbona hakusema tulipokuwa tunapatana bei. Mhusika aliyepamba tangazo, aliye tayari siku ya kwanza, kwangu mimi ni sehemu ya kanzu. Na kama kampuni haikubaliani nami, basi iseme kabla sijatoa pesa.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Tena sheria zetu zinataka kampuni za nje zinazotuuzia bidhaa za kidijitali zilipe VAT ya asilimia 16. Kama mkono wa serikali unawafikia kwa kodi, naamini unaweza kuwafikia kwa hili. Kwingine imewezekana: mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji, nchi yenye watu zaidi ya milioni 11, ilitamka kwamba masanduku ya bahati ndani ya gemu, yale unayoyalipia bila kujua kilichomo, ni kamari, na mwaka uliofuata EA wakaacha kuuza nchini humo FIFA Points, yaani pointi za kununulia masanduku hayo kwenye gemu yao ya kandanda.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Kila gemu inayouzwa nchini, dukani au mtandaoni, ioneshe mahali panaposomeka: kitu gani kimefungwa siku ya kwanza, bei yake kwa shilingi, na diski ni ya soko gani. Mnunuzi aliyeuziwa nyongeza isiyokubali diski yake arudishiwe pesa. Na wale wauza diski wa mjini wapewe maelezo kwanza kabla ya faini, maana wengi wao hawajui, kama mimi nilivyokuwa sijui.

Nimeambatisha picha ya jalada, mbele na nyuma, pamoja na risiti zote mbili. Banda liko wazi hadi saa tatu usiku. Ofisa wako wa Mombasa akipita, nitamwashia mashine ajionee kufuli lenyewe.

Wako mwaminifu,
Mwenye banda la gemu, Kisauni