Barua kwa Baba kutoka Shanghai: mzee Hu na mstari wake

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wewe na Mama mkiwa wazima. Mimi sijambo, na baridi ya huku imeanza kupungua. Katika barua yako uliuliza, kama anavyostahili kuuliza mwalimu aliyefundisha jiografia maisha yake yote, kwa nini mtu aende hadi China kusomea makazi ya watu ilhali kwetu kazi hiyo bado ni tele. Nimeona nikujibu kwa kukueleza habari za Hu Huanyong, mwanajiografia wa Kichina ambaye maandishi yake ndiyo ninayoyasoma kila siku.

Alizaliwa mwaka 1901 huko Yixing, jimbo la Jiangsu, akasoma Nanjing chini ya Zhu Kezhen, mtaalamu wa hali ya hewa aliyehitimu Harvard, na mwaka 1926 akaenda Paris. Wafaransa wakati ule walikuwa wakimtazama binadamu pamoja na ardhi anayoikalia, na mimi naamini Hu aliunganisha elimu hizo mbili, ya mvua na ya watu, kuliko mwingine yeyote wa rika lake.

Mwaka 1935 China ilikuwa bado haijafanya sensa ya kisasa ya nchi nzima. Hu alikusanya takwimu za wilaya moja moja, akapata jumla ya watu milioni 458 hivi, kisha akawaweka kwenye ramani kwa nukta, kila nukta ikisimama badala ya maelfu ya watu. Baada ya hapo alipiga mstari mmoja tu, kutoka Aihui kwenye mpaka wa Urusi hadi Tengchong karibu na Burma. Kusini-mashariki mwa mstari huo kulikuwa na asilimia 36 ya ardhi na asilimia 96 ya watu. (Nakujua utakagua hesabu: ramani ya wakati ule ilijumuisha Mongolia. Kwa mipaka ya sasa, na kwa sensa ya 1982, ni takriban asilimia 43 ya ardhi na 94 ya watu.) Mstari huo unakaribiana na ule wa mvua ya milimita 400 kwa mwaka, ambao upande wake mmoja watu hulima na upande wa pili huchunga.

Mwaka uliofuata, 1936, Clement Gillman, mhandisi wa reli wa Tanganyika, alichapisha ramani ya idadi ya watu wa nchi yetu. Naye aliona watu wamejazana kwenye nyanda zenye maji pembezoni mwa nchi, huku maeneo makubwa ya katikati yakibaki matupu kwa ukame na mbung'o. Sina ushahidi wowote kwamba wawili hao walijuana, na ndiyo maana kufanana kwa kazi zao kunanivutia zaidi.

Maisha ya Hu baada ya hapo hayakuwa mepesi. Katika miaka ya 1950 alihamia Chuo Kikuu cha Ualimu cha China Mashariki, hapa Shanghai, akaanza kujenga taaluma ya jiografia ya idadi ya watu, lakini muda si mrefu kujadili wingi wa watu kukawa jambo la hatari: Ma Yinchu, mwanauchumi aliyeshauri uzazi upunguzwe, alishambuliwa hadi akapoteza uongozi wa Chuo Kikuu cha Peking. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni Hu naye aliteswa na kufungwa. Alipokuwa amekwisha kupita umri ambao wengi huwa wamestaafu, alirudi kwenye utafiti, akaupima tena mstari wake kwa sensa mpya. Alifariki mwaka 1998.

Siku hizi wengi huutaja mstari huo kana kwamba ni amri ya maumbile, na mwaka 2014 Waziri Mkuu Li Keqiang aliuliza hadharani namna ya kuuvunja. Mimi nadhani unadaiwa zaidi ya uwezo wake. Unaeleza vizuri mahali mazao yanapoota, lakini kijana anayetoka Sichuan kwenda viwanda vya Guangdong kwa kawaida havuki mstari huo, kwa kuwa sehemu ya Sichuan wanakoishi watu wengi iko upande uleule na Guangdong. Kinachomzuia kijana huyo asihesabiwe mwenyeji wa mji anaoujenga ni hukou, usajili wa kaya uliowekewa sheria mwaka 1958, wala si mvua. Hapo ndipo utafiti wangu unapoanzia, na msimamizi wangu amekubali niuendeleze.

Naomba nami nikuulize, Baba. Watu walipohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, wale wa kwenu waliokuwa wakilima karibu na mto walirudi mashambani kwao baadaye, au walibaki kijijini? Niandikie unavyokumbuka, pamoja na majina ya mito, kwa sababu nataka kulinganisha maelezo yako na ramani ya Gillman. Mpe Mama salamu zangu nyingi.

Mwanao